Kibali cha kukaliwa hakisemi nyumba ni salama leo

Ukitafuta nyumba ya kupanga Malindi, dalali atakwambia, "Usiwe na wasiwasi, hii ina kibali." Anamaanisha kibali cha kukaliwa, ambacho kaunti hutoa ujenzi ukikamilika. Wengi wakisikia hivyo huamini jengo limehakikishwa kuwa salama mpaka leo. Sivyo.

Kibali hicho husema kwamba wakati wa ukaguzi, jengo lilikuwa limefuata ramani iliyoidhinishwa. Ghorofa iliyoongezwa baadaye kimyakimya haimo. Chumvi nayo haimo, na huku pwani chumvi ndiyo adui. Hupenya kwenye zege hadi kufikia nondo. Nondo zikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Kwa hiyo inua macho kwanza. Ufa mrefu ulionyooka chini ya roshani, wenye madoa ya kutu pembezoni, ni dalili ya nondo inayolika. Rangi mpya ukutani isikupumbaze. Kusema kweli, hudanganya kuliko dalali. Kwenye nyumba za zamani za mawe, gonga boriti pale zinapoingia ukutani, maana unyevu na mchwa hupenda kuanzia hapo.



Na kama umeshahamia, choo kinafurika na mwenye nyumba hasikii? Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kumwandikia ilani aondoe kero hiyo, awe na kibali au asiwe nacho.