Bamvua la 2040 lililoangukia 1904

Kikundi cha akina mama wanaolima mwani Paje, Zanzibar, kiliniomba kifaa cha kuwaonyesha siku za bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kutoka sana kupita kawaida. Mwani hufungwa na kuvunwa maji yakitoka sana, kwa hiyo kwao kalenda ya bamvua ndiyo kalenda ya kazi. Nikawapelekea kikompyuta cha biti 32 kinachotumia umeme wa jua. Bi mmoja akakigeuzageuza mkononi, akauliza, "Mwanangu, hiki kitaishi miaka mingapi?" Nikajibu bila kufikiri: "Kumi na mitano, Bi."

Njiani kurudi mjini ndipo hesabu iliponijia. Usiku ule nikakiomba bamvua la katikati ya Machi 2040. Kikanipa Februari 1904, enzi za Sultan Ali bin Hamud.

Mifumo ya kompyuta ya jamii ya Unix, kama Linux, huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Katika mashine kama ile, aina ya data iitwayo time_t, inayobeba hesabu hiyo, ilipewa biti 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa. Mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwetu Zanzibar itakuwa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, wiki moja kamili baada ya sikukuu ya Mapinduzi. Sekunde inayofuata namba hurukia upande wa kutoa, na husomeka Desemba 1901.

Utaambiwa dawa ni kupanua time_t iwe biti 64, basi. Kerneli ya Linux, yaani kiini chake, iko tayari tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, na musl, mojawapo ya maktaba za msingi za lugha ya C, ilihamia biti 64 mwaka huohuo katika toleo 1.2.0. Glibc, maktaba nyingine ya aina hiyo, iliufungua mlango katika toleo 2.34 la 2021, lakini kwenye mashine kama yangu lazima ubishe hodi mwenyewe kwa kuweka mipangilio hii unapojenga programu: _TIME_BITS=64 pamoja na _FILE_OFFSET_BITS=64. Nikabisha. Nikasahau kwamba maktaba ya kukokotoa maji niliichukua ikiwa imeshajengwa kwa kipimo cha zamani. Programu yangu inaandika baiti 8, maktaba ile inasoma 4, na hakuna anayelalamika wakati wa kuziunganisha. Siku mbili zilinipotea hapo.

Upana peke yake hautoshi, kwa sababu ya namna tunavyokagua. Katika msimbo wa zamani nimeona mara nyingi mtu anajumlisha sekunde, kisha anauliza, "jibu limekuwa dogo kuliko nilichoanza nacho?" Ni sawa na kumimina mchele kwenye kibaba kilichojaa halafu ukachungulia ndani kutafuta uliomwagika. Tena lugha ya C inamruhusu kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kudhani kwamba namba zenye alama hazimwagiki kabisa, kwa hiyo anaweza kulifuta swali lako lote kimyakimya. Kagua kabla ya kumimina: kiwango cha juu ukitoa kilichomo, je, nafasi iliyobaki inatosha kwa kinachoongezwa? Au tumia __builtin_add_overflow ya kompaila ya GCC, inayojumlisha na kukwambia papo hapo kama imemwagika.

Halafu kuna mktime, kazi ya C inayogeuza tarehe kuwa sekunde. Ikishindwa hurudisha -1. Lakini -1 ni wakati halali: sekunde moja kabla ya saa 9 usiku wa kuamkia 1 Januari 1970 kwa saa zetu. Kushindwa kumevaa kanzu ya jibu sahihi! Ujanja ninaoutumia ni kuweka -1 kwenye tm_wday, sehemu ya siku ya wiki katika tarehe, kabla ya kuiita. Ikifanikiwa, siku ya wiki itajazwa namba kati ya 0 na 6. Ikibaki -1, imeshindwa.

Kwa upande wa pili, localtime yenye biti 64, inayogeuza sekunde kuwa tarehe, inaweza kupewa sekunde nyingi mno hata mwaka usienee katika tm_year, sehemu ya mwaka, ambayo bado ni int, namba ya kawaida ya C yenye upana mdogo. Hapo hurudisha kielekezi tupu, kisichoelekeza popote, na kosa la EOVERFLOW, yaani namba imemwagika. Wachache wanaokiangalia kielekezi hicho, nami sikuwa miongoni mwao.

Wiki iliyopita nimekirudisha kifaa Paje. Nikakiomba bamvua la 2060, kikatoa la 2060. Yule Bi akatazama kioo, akanipa heko, kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa kasha na kuuliza kama kinastahimili chumvi. Tayari skrubu mbili zimeshaota kutu.