Mafia si Kivuli cha Unguja: Yanayodhaniwa Kigoma na Yaliyopo Kisiwani

Hapa Kigoma, mtu akisema anakwenda kutembea kisiwani pwani, wasikilizaji huelewa kuwa ni Unguja bila kuuliza. Akisema Mafia, maswali huanza, na mengi nimeyasikia mwaloni Kibirizi, dagaa wakiwa wameanikwa mchangani na harufu yao imejaa hewani, hata nikaona yafaa yajibiwe kwa maandishi.

La jina halihitaji maneno mengi. Wapo wanaoamini kuwa kisiwa kilipewa jina la genge la wahalifu wa Italia, ilhali Wareno wa karne ya 16 walikwisha kukiita Monfia, miaka mia kadhaa kabla genge hilo halijavuma huko Sicily.

Linalotisha watu zaidi ni papa potwe. Mzee mmoja mvuvi aliniuliza, "Mwanangu, samaki mwenye mdomo wa namna hiyo atakosaje kukumeza?" Swali lake ni la haki, kwa kuwa papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Lakini chakula chake ni viumbe wadogo wanaoelea majini pamoja na visamaki, na pale Mafia hufuata hasa uduvi, akifungua kinywa na kuyachuja maji kwa matamvua yake. Wengi, hata miongoni mwa waliokwisha kufika, hudhani pia kwamba samaki hawa huhama kabisa msimu wao wa kuonekana, Oktoba hadi Machi, unapomalizika. Watafiti waliowawekea vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti walibaini kuwa baadhi yao hubaki karibu na kisiwa mwaka mzima, ila husogea mbali na ufuo na kukaa kwenye kina kirefu zaidi, ambako macho ya watu hayawafikii.

Dhana inayonisikitisha ni ile isemayo kwamba Mafia kuna bahari tu. Kwanza, Mafia si kisiwa kimoja, bali ni funguvisiwa lenye Juani, Chole, Jibondo na vinginevyo. Huko Juani umo mji wa Kua, wenye misikiti na jumba la watawala, uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 na kubaki gofu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na mizizi ya miti imepenya kati ya jiwe na jiwe hata usijue sasa ni kipi kinachokishikilia kingine. Fukwe za kisiwa hichohicho hutagiwa mayai na kasa, nayo huanguliwa baada ya siku zinazokaribia 60. Chole, mvuko mfupi kwa mashua kutoka kijiji cha Utende kwenye kisiwa kikuu, ina magofu ya enzi za Wajerumani, na juu ya miti yake mikubwa popo wala matunda hushinda mchana kutwa wakining'inia vichwa chini.

Wengine husema kisiwa hicho hakituhusu sisi watu wa ziwani. Naomba wakumbuke MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915, Waingereza walirusha ndege kutoka Mafia ili kuelekeza mizinga yao dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Manowari ilipoangamizwa mwezi Julai, Wajerumani waliopoa mizinga yake, na mmoja ukaletwa hapa Kigoma na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, ndiyo Liemba yetu ya leo.

Hatimaye, si kweli kwamba Mafia hufikiwa kwa ndege pekee. Baada ya reli ya kati kumfikisha msafiri Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kigoma, gari humpeleka Nyamisati pwani ya bara, na kutoka hapo kuna usafiri wa majini hadi Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Ila ziwa letu halimfundishi mtu kupwa na kujaa kwa bahari, kwa hiyo anayetaka kwenda Kua amuulize nahodha tangu jana yake, maana saa ya kung'oa nanga hupangwa na maji.