Askofu kwa Kijapani? Niambie kwanza wa kanisa gani

Nimeletewa tena tafsiri ya Kijapani ya kuhakiki, na tena askofu wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ameandikwa shikyō, neno la Wakatoliki. Kumuuliza mfasiri, jibu ni lilelile la kila mwaka: "Ndivyo kamusi inavyosema." Kweli, ndivyo inavyosema. Ila kamusi haisali popote.

Kiswahili kimetudekeza. Kwetu askofu ni askofu, awe Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri au aliyejisimika mwenyewe juzi chini ya turubai. Kijapani hutazama dhehebu kwanza, daraja baadaye. Wakatoliki wana shikyō (司教). Waanglikana na Waorthodoksi wana shukyō (主教). Kwa sikio la mgeni ni kama neno moja, lakini Mwanglikana wa Tokyo akikuta askofu wake ameitwa shikyō, atajua papo hapo kwamba umemhamishia Roma.

Walutheri ndio wanaoniumiza kichwa. Askofu wao, sawa na wa Wamethodisti, kwa desturi huitwa kantoku, neno lilelile lililo katika Biblia za Kijapani pale 1 Timotheo 3 inapotaja sifa za askofu. Vizuri. Ila mtaani kantoku ni kocha wa timu au mwongozaji wa filamu. Tangaza ukumbini kwamba "kantoku kutoka Tanzania" amewasili, na nusu ya watu watasubiri habari za Taifa Stars. Tena hata wenyeji Walutheri hawatakuokoa: Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Japani halina askofu, linaongozwa na sōkai gichō, yaani mwenyekiti wa mkutano mkuu. Ukimwita mgeni wako gichō umembadilishia kazi. Mimi huandika "kantoku wa kanisa la Kilutheri" kwa ukamilifu mara ya kwanza, ndipo nafupisha. Wapo wanaokwepa kwa kuandika bishoppu, yaani "bishop" ya Kiingereza, kwa katakana, herufi za maneno ya kigeni. Nawanung'unikia, lakini zipo siku nadhani wao ndio wenye akili.

Padri na mchungaji nisingewataja kama watu wasingeendelea kuwachanganya. Padri wa Kikatoliki ni shisai kwa daraja na shinpu kwa kuitwa. Mchungaji wa Kiprotestanti ni bokushi, na waumini humwita sensei. Padri wa Kianglikana ni shisai, basi. Yaishe.

Kardinali ni sūkikyō. Herufi ya mwisho husomeka pia kei, na utawasikia watu wakisema sūkikei, lakini Wakatoliki wa Japani husema kyō, nami nawafuata wenye kanisa lao. Neno hili lina historia inayotuhusu: tarehe 28 Machi 1960 Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, alisimikwa siku moja na Doi Tatsuo, kardinali wa kwanza Mjapani.

Papa je? Kwa miaka mingi serikali na vyombo vya habari vya Japani viliandika hōō, wakati maaskofu wakiomba kyōkō tangu Yohane Paulo II alipokwenda huko mwaka 1981. Hōō ina herufi ya dharma, yaani mafundisho ya Buddha, ndani yake, inanukia Ubudha, na hadi leo Dalai Lama huitwa hivyo na ofisi yake ya Japani. Serikali ilikubali kyōkō mwezi Novemba 2019, siku chache kabla ya Papa Fransisko kutua. Kwa hiyo ukinionyesha gazeti la 2010 kama ushahidi, hunishindi.

Kwa mtawa wa Kibudha, obōsan ni neno la mazungumzo, sōryo la maandishi, na jūshoku ni yule aliyekabidhiwa hekalu. Herufi 和尚 husomwa oshō kwa Wazen, kashō kwa Watendai na wajō kwa Washingon, na madhehebu ya Jōdo Shinshū hayaitani hivyo kabisa. Kwa kuhani wa Kishinto, dini ya asili ya Japani, kannushi ni la mtaani, shinshoku ni la kazi, gūji ndiye mkuu wa madhabahu. Kumwita yeyote kati ya hao bokushi ni vituko.

Mtume Muhammad ni yogensha, ingawa mkono wako utakimbilia shito, mtume wa kwenye Biblia. Na uandike 預言者, mwenye kukabidhiwa neno, usiandike 予言者, mtabiri wa mambo yajayo. Kompyuta hukupa yote mawili ukishaandika sauti, na haijali umechagua lipi.

Amebaki shehe. Imāmu ni sawa ikiwa kweli anaongoza sala msikitini. Lakini shehe wa mkoa? Kamusi hukupa shuchō, neno lililo ndani ya jina la Kijapani la Falme za Kiarabu, na ghafla mzee wetu wa Dodoma ana visima vya mafuta. Dōshi lina heshima, lakini pia ni yule mtawa anayeongoza ibada ya mazishi ya Kibudha. Seishokusha, yaani mtu wa daraja takatifu, magazeti hulipenda, na Waislamu wengi hulikataa kwa sababu Uislamu hauna upadri. Siku hizi naandika shidōsha wa Kiislamu, "kiongozi", neno lisilo na ladha yoyote, halafu nataja mkoa wake. Mwenye neno bora alilete.