Mikono inauma kwenye usukani wa pikipiki? Tazama kwanza ni kidole gani

Nikiendesha kwa muda mrefu, vidole vinakufa ganzi. Tatizo ni nini?

Inategemea ni vidole gani. Dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete vina neva moja (mshipa wa fahamu), inayopita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono ikibanana na kano tisa za kukunja vidole. Kifundo kikikaa kimepinda, neva hiyo hubanwa. Kidole cha mwisho na nusu nyingine ya cha pete vina neva yao, inayopita kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo. Hii huumia zaidi unapouegemea usukani. Kwa hiyo ganzi ya dole gumba inakutuma ukague breki na klachi zilivyokaa. Ya kidole cha mwisho inakuambia umeuachia mwili uangukie mikononi.

Mbona mkono wa kulia ndio unaosumbua zaidi?

Haupumziki. Unashikilia mafuta muda wote huku springi ikivuta kurudi. Tena wengi huanza safari kifundo kimenyooka, wakiongeza mafuta kinashuka chini ya mpini, na kinabaki hukohuko mpaka mwisho wa safari. Rudisha mafuta kidogo, inua kiwiko, shika upya.

Kama ni wa kushoto, shuku klachi. Waya wake ukikauka au kuanza kukatikakatika, kila kubadili gia ni kazi ya nguvu.

Nirekebishe nini?

Kaa kwenye pikipiki iliyozimwa kama unavyokaa ukiendesha, kisha nyoosha vidole juu ya breki na klachi. Kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole pawe na mstari mmoja. Vidole vikilazimika kuinuka, fundi alegeze vishikio vya breki na klachi kwenye usukani, avigeuze vishuke kidogo, akaze. Ni kazi ndogo, na kwa maoni yangu inafaa ifanyike kabla hujanunua chochote.

Mipira ya mipini iliyokuwa migumu ibadilishwe. Usikimbilie minene, wala glavu nene: kwa mwenye kiganja kidogo, unene humfanya abane zaidi. Na mtetemo ukiongezeka ghafla, achana na glavu. Kagua bolti za injini, matairi na beringi za magurudumu.

Vidole vikigeuka vyeupe kwenye baridi?

Mwone daktari. Mtetemo wa miaka mingi hudhuru mishipa midogo ya damu, na sigara huzidisha.

Dawa za maumivu hazitoshi?

Hutuliza, lakini neva inabaki imebanwa. Kinachosaidia zaidi ni kupumzisha mkono, na usiku kuvaa kifaa cha kushikilia kifundo kikae kimenyooka.

Nenda hospitali kama ganzi haiondoki hata ukipumzika, inakuamsha usiku, unaangusha vitu, au nyama ya shina la dole gumba inapungua. Mweleze daktari pia kama una kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo au mimba, maana hali hizi nazo huchangia neva kubanwa. Ila mkono ukilegea ghafla, mdomo ukaenda upande au maneno yakakwama, hiyo inaweza kuwa kiharusi: usiendeshe, tafuta mtu akufikishe hospitali saa hiyohiyo.