Nyika si Msitu Uliokatwa

Mazungumzo huanza vilevile kila mara. Mteja ananiletea takwimu moja, tuseme milimita 900 za mvua kwa mwaka, ananionyesha picha ya nyasi na miti michache iliyotawanyika, kisha anauliza anahitaji miche mingapi kuurudisha msitu. Haulizi kama msitu uliwahi kuwapo. Ameshaamua kwamba mvua ya kutosha lazima ilete msitu, na kwamba penye nyasi binadamu alipita na shoka. Hiyo ni moja tu ya dhana potofu ninazokutana nazo kuhusu mvua na uoto; hizi hapa, moja baada ya nyingine.

"Nyika ni msitu ulioharibiwa"

Hii inanichosha kuliko zote, maana watu wanaharibu ardhi nzima kwa nia njema kabisa.

Nyasi za C4 (kundi la nyasi zinazotengeneza chakula chake kwa njia inayofaa joto na jua kali), zinazotawala nyika za kitropiki, zilienea duniani kati ya miaka milioni 8 na milioni 3 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na mkulima wala mkata mkaa. Moto uliwashwa na radi, na walaji wa nyasi walikuwapo tayari. Nyika za Afrika na Cerrado, nyika kubwa ya Brazil, ni za kale, zina mimea na wanyama wasioweza kuishi kivulini, na hazisubiri mtu aje kuzikamilisha.

Jumla ya mvua ya mwaka ndiyo inayopotosha. Milimita 900 zikigawanyika katika miezi kumi na miwili ni tabianchi moja. Milimita 900 hizohizo zikianguka ndani ya miezi mitano, zikafuatwa na miezi saba mikavu, ni tabianchi nyingine. Katika hiyo ya pili nyasi hukua kwa kasi wakati wa mvua, kisha hukauka, na kiangazi kikikaribia kwisha cheche moja inatosha. Moto ukipita nyasi hazipati hasara kubwa: sehemu inayochipua iko usawa wa udongo au chini yake, na yale makavu yaliyoungua yalikuwa yanaizibia mwanga. Anayeumia ni mche wa mti. Usipofikia urefu wa mita mbili tatu kabla ya moto unaofuata, sehemu yote ya juu huungua na unalazimika kuanza upya kutoka mzizini. Kwa Afrika, chini ya takriban milimita 650 kwa mwaka uhaba wa maji wenyewe unazuia miti isisongamane. Juu ya kiwango hicho mvua inauruhusu msitu, ila moto na wanyama ndio wanaoamua kama utakuwapo. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, kuna viwanja vya majaribio ya moto tangu 1954, na vile vilivyokingwa na moto kwenye upande wenye mvua nyingi vimejaa miti na vichaka.

Hapo mteja hudakia: basi tuzuie moto, msitu uje. Utapata miti, ndiyo, lakini utapoteza nyika, na nyika ikishakufa chini ya kivuli hairudi kwa kufyeka miti tu.

Ushauri wangu haubadiliki. Kabla ya kununua mche hata mmoja, piga magoti uchimbe. Kile unachokiona kama majani yanayofika kifundo cha mguu, yaliyotawanyika katikati ya nyasi, mara nyingi ni ncha za matawi ya mmea mmoja ambao shina lake nene, la mti hasa, limelala chini ya udongo. Moto hunyoa ncha tu. Wiki chache baadaye, hata kabla mvua haijanyesha, majani mapya yako juu, wakati mwingine na maua. Kisha nenda kwenye miti iliyosimama ubonyeze gome lake: ni nene, limepasukapasuka, limezoea kuchomwa. Mimea ya namna hii haijitokezi kwa miaka ishirini baada ya msitu kukatwa. Ukiikuta, uko kwenye nyika ya kale, na misonobari au mikaratusi haina kazi hapo.

Wanaonijibu kwa hoja kwamba miti huhifadhi kaboni wanasahau kwamba kwenye nyika kaboni nyingi iko kwenye mizizi na udongo, mahali moto haufiki. Na wanaosema miti italeta maji wafuatilie mabonde ya Jonkershoek, Afrika Kusini, ambako mito imepimwa tangu miaka ya 1930. Misonobari ilipopandwa juu ya vichaka vya asili vya fynbos, maji ya vijito yalipungua. Mwaka 1995 nchi hiyo ilianzisha mpango wa taifa wa kung'oa miti vamizi, na lengo mojawapo kuu lilikuwa kuokoa maji.

"Chini ya milimita 250 ni jangwa"

Yakutsk, Siberia, hupata takriban milimita 240 kwa mwaka na imezungukwa na msitu wa lariki, miti ya jamii ya misonobari. Baridi hupunguza uvukizaji, na udongo ulioganda daima huzuia maji yasizame, hivyo kidogo kinachonyesha kinabaki karibu na mizizi. Kiasi hichohicho kwenye tropiki kingelisha vichaka vya miiba, kama si mchanga mtupu. Ukitaka kulinganisha kanda za uoto, weka mvua na uvukizaji bega kwa bega. Mvua peke yake haisemi lolote.

"Jangwa ni joto" na "Karibu na bahari hakukosi mvua"

Antaktika ni jangwa, na jangwa la Gobi, Asia, hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri wakati wa baridi. Majangwa ya Namib (kusini-magharibi mwa Afrika) na Atacama (Chile) yako ufukweni kabisa: mikondo baridi ya Benguela na Humboldt hupoza hewa ya chini, hewa hiyo haipandi, na bahari inatoa ukungu badala ya mvua.

"Msitu wa mvua umekaa juu ya udongo wenye rutuba"

Kwa sehemu kubwa, hapana. Mvua imeshauosha udongo kwa maelfu ya miaka, na virutubisho vimo ndani ya mimea yenyewe na kwenye majani yanayooza. Ukichoma msitu unavuna majivu yake misimu michache, basi. Kuna visa tofauti, hasa penye udongo wa volkano, lakini usipange shamba kwa kutegemea kisa tofauti.

"Kupanda mlima wa ikweta ni sawa na kusafiri hadi ncha ya dunia"

Vitabu vya shule vinapenda mchoro huu, na nusu yake ni sahihi: joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Ila misimu haifuati. Tundra ya kaskazini ina baridi moja ndefu na majira mafupi ya joto ambayo jua halizami. Juu ya mita 4,000 kwenye Mlima Kenya, barafu inaweza kuja usiku wowote wa mwaka na kuyeyuka asubuhi yake. Ndiyo maana huko kuna Dendrosenecio, mimea yenye shina lililovikwa majani yake ya zamani yaliyokauka, ambayo hukinga maji ya ndani yasigande, na majani mabichi ya kileleni hujikunja usiku kulinda chipukizi. Tundra haina mmea wenye umbo hilo. Anayeandaa mpango wa kurejesha uoto wa mlimani kwa kunakili orodha ya mimea ya Aktiki aanze upya, na safari hii apime joto la usiku na mchana, mwezi kwa mwezi, pale pale atakapopanda.