Kinga ya mwili, tezi ya shingo na saratani: maswali kutoka Mwanza

Nimepimwa damu, nikaambiwa kinga yangu inashambulia tezi ya shingo. Ndiyo saratani hiyo?

Hapana, mama. Tezi hiyo, thairoidi, iko mbele ya shingo, chini ya koromeo, na homoni zake ndizo zinazoamua mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Kinga ikiigeukia, mara nyingi huwa ni mojawapo ya magonjwa mawili. Hashimoto, lililoitwa kwa jina la daktari Mjapani aliyelieleza mwaka 1912, huiharibu tezi polepole: uchovu, choo kigumu, hedhi kuvurugika, kuona baridi wakati wenzako wanajipepea. Graves huichochea tezi kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, macho kutoka, kukonda huku unakula vizuri. Mgonjwa wa Graves ndiye majirani humnong'ona kwamba ana UKIMWI au karogwa, naye anachohitaji ni kipimo cha damu.

Mbona nasikia wenye Hashimoto hupata saratani zaidi?

Habari hiyo ina msingi, ila husimuliwa nusu. Madaktari waliochunguza tezi zilizotolewa kwa upasuaji walikuta mara nyingi Hashimoto na saratani ya aina ya papilari, ile ya kawaida zaidi ya tezi, zikiwa pamoja. Lakini anayepasuliwa tezi ni nani? Ni yule ambaye tayari ana kivimbe cha kutiliwa shaka. Kuwapima hao peke yao ni sawa na kusimama Mwaloni Kirumba ukahitimisha kwamba Mwanza nzima inauza dagaa. Tafiti zilizotumia sindano nyembamba ya kuchota seli, tafiti ambazo hujumuisha na wagonjwa wasiofika kwenye kisu, zilikuta uhusiano dhaifu zaidi, na nyingine hazikuuona.

Kuna jambo jingine. Mwenye Hashimoto hupigwa altrasaundi mara kwa mara, kwa hiyo visaratani vidogo ambavyo kwa mwingine visingejulikana, kwake vinaonekana. Tena saratani yenyewe inaweza kuvuta chembe za kinga kwenye tezi, ikawa vigumu kujua kipi kilitangulia. Hata hivyo siwezi kusema hakuna kitu kabisa: mashambulizi ya miaka mingi, pamoja na homoni ya TSH iliyopanda na kuzihimiza seli za tezi zikue, vinaweza kuchangia. Na wenye papilari pamoja na Hashimoto, kwa ujumla, huendelea vizuri kuliko wenye papilari peke yake.

Ipo saratani yenye uhusiano usio na ubishi?

Ipo: limfoma ya tezi, yaani saratani ya chembe za kinga zilizomo ndani ya tezi. Ni adimu sana, lakini wengi wanaoipata walikuwa na Hashimoto kabla, hasa wanawake wenye umri mkubwa. Goita, yaani uvimbe wa tezi, iliyotulia miaka mingi ghafla inakua ndani ya wiki chache, sauti inakwaruza, ugali haupiti, pumzi inabana. Hapo usikae Ukerewe au Sengerema ukipaka dawa za majani. Panda kivuko, nenda hospitali. Bugando wana idara ya saratani.

Na mwenye Graves?

Akiwa na kivimbe ndani ya tezi, kichunguzwe kama cha mtu mwingine yeyote. Kisipuuzwe kwa sababu tu ugonjwa una jina tayari.

Nifuatilie nini?

Kivimbe, si wingi wa kingamwili, zile protini za kinga zinazoilenga tezi, kwenye damu. Kwa mwenye Hashimoto, kuzipima tena na tena, kwa maoni yangu, ni kuchoma hela: zikipanda au zikishuka, matibabu hayabadiliki. TSH ndiyo ya kurudia kupima. Daktari akipapasa kitu, omba altrasaundi. Kikionekana cha kutia shaka, sindano nyembamba huchukua seli zikasomwe maabara. Vivimbe vingi vya tezi si saratani. Mweleze pia kama uliwahi kutibiwa kwa mionzi shingoni utotoni, maana hicho ni kihatarishi kinachojulikana vizuri.

Ukiandikiwa levothairoksini, kidonge cha kuziba pengo la homoni ya tezi, imeze kwa maji tumbo likiwa tupu. Chai ya maziwa isubiri nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya madini ya chuma, wanavyopewa wajawazito, visubiri hadi yapite masaa manne.

Sisi tunakula sato na sangara kila siku. Si tunapata madini joto ya kutosha?

Samaki wa maji baridi wana madini joto kidogo kuliko wa baharini. Yanayokulinda na goita ya upungufu ni chumvi yenye madini joto, kwa kiasi cha kawaida cha mboga. Goita hiyo ni tofauti na ya Hashimoto, ndiyo maana matone ya iodini na unga wa mwani unaouzwa kama dawa ya kila goita havikufai wewe: iodini ikizidi inaweza kuuchochea ugonjwa wako.