Ukungu wa Dawa za Wasiwasi Si Mayopia

Wiki hii nimempokea dada wa miaka 27 aliyeacha ghafla diazepamu aliyoimeza kwa miezi kadhaa, kwa kuwa jirani alimwambia kwamba dawa za wasiwasi huleta mayopia, yaani kutoona mbali. Maneno haya nimeyasikia mno, na yana hatari, kwa sababu anayekatiza dawa hiyo ghafla baada ya mwili kuizoea anaweza kushikwa na degedege.

Alilalamika kwamba anaona ukungu, nikamuuliza asichokiona ni nini: ujumbe wa simu au kibao cha daladala? Ulikuwa ujumbe wa simu. Mwenye mayopia huona karibu na kushindwa mbali, na kwa kawaida ni kwa sababu jicho lake limerefuka. Milimita 1 ya ziada ni takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3, na urefu huo haurudi kwa kuacha kidonge. Dada huyu alikuwa akimeza pia amitriptilini, dawa ya sonona, ambayo huzuia asetilikolini, kemikali ya kupitishia ujumbe wa neva, na hivyo kuidhoofisha misuli inayoiwezesha lenzi kulenga vitu vya karibu. Hali hiyo ni kinyume cha mayopia, na inanikera sana kuona watu wa namna hii wameandikiwa lenzi za kutoa (zile za wenye mayopia), ambazo huzidi kuwatesa wanaposoma.

Topirameti, dawa ya kifafa na kipandauso, ni jambo jingine: huweza kuleta mayopia ya ghafla, mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza, kwa kuvimbisha tishu za ndani na kuisukuma lenzi mbele. Jicho likiuma na kuwa jekundu, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Wengine hunitajia utafiti wa mwaka 2003, ulioonyesha kwamba vizuizi vya vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza neva, hupunguza mayopia ya vifaranga, kisha wanakata shauri kwamba diazepamu, kwa kuwa huiongezea GABA nguvu, lazima irefushe jicho la binadamu. Vifaranga wale walidungwa dawa ndani ya jicho, hawakumeza kidonge.

Isitoshe, majaribio ya vifaranga yametuvunjia maelezo yetu wenyewe. Tulizoea kusema kwamba matone ya atropini huzuia mayopia ya watoto kwa kuipumzisha misuli ya kulenga, lakini kwa kifaranga misuli hiyo haiitikii atropini, na bado mayopia yake hupungua. Matone hayo ninayaandika, kwa kuwa majaribio ya Singapore ya mwaka 2006 na 2012 yanatosha kunishawishi kwamba yanasaidia. Lakini kama yanafanyia kazi kwenye retina (utando wa ndani unaopokea mwanga), koroidi (tabaka la mishipa ya damu nyuma yake) au sklera (ukuta mweupe wa nje wa jicho), bado tunabishana.

Dada yule nilimrudisha siku hiyohiyo kwa daktari wake, na barua niliyompa haikuwa na namba ya miwani.